Stering Akipangiwa Kuchapwa, Amefeli? Cheki CJ, Arthur Morgan na Noble Six

Kama ulikua ukiona filamu za kutafsiriwa kwa kibanda cha video mtaani, unajua sheria ya kwanza: stering hadedi. Anaweza pigwa risasi ya bega, anaweza tupwa kutoka ghorofa ya tano, lakini dakika za mwisho atarudi na kila adui atalipa. Hiyo sheria tuliibeba hadi kwa gemu. Ukishika padi, wewe ndiye stering, na kazi ya stering ni kushinda.

Noma ni kwamba kuna gemu kibao zinakunyima hiyo nafasi. Si eti hujui kucheza. Hata ucheze kama malaika, brathe yako atashikwa na makarao, mkono wako utakatwa, sayari yako itaanguka. Mwandishi alishapanga kabla hujawasha mashine, na hakuna kitufe cha kukutoa hapo. Hapa tutaiita kichapo cha lazima.

Na hapo ndipo wasee huanza kubishana. Kuna wale watakuambia CJ ni mzembe, Arthur Morgan alikufa bure, na Noble Six alipoteza sayari nzima, kwa hivyo hao wote ni watu wa kufeli. Wengine watasema huwezi laumu mtu kwa kitu ambacho kilikuwa kimeandikwa. Pande zote mbili ziko na kaukweli, lakini zote zinachanganya mambo. Wacha tupange hii stori polepole: kichapo cha lazima ni nini, kiko aina ngapi, na ni maswali gani ya kuuliza kabla ya kumwita stering failia.

Onyo moja: tutafichua mwisho wa gemu kadhaa za zamani. Kama bado unacheza Red Dead Redemption 2, malizana nayo kwanza.

Kushindwa na kufeli si kitu moja

Cheki lugha yenyewe. Kushindwa ni kushinda kumegeuzwa. Ukisema msee ameshindwa, kuna mwingine kwa hiyo sentensi hata kama hajatajwa: kuna mtu ama kitu kimemshinda. Kufeli ni tofauti. Kufeli ni kwako peke yako. Ulikuwa na mtihani, ulikuwa na nafasi, na hukufanya.

Ndio maana tuna methali inasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Hakuna mtu anakuambia asiyekubali kufeli si mshindani. Kushindwa ni sehemu ya mashindano yoyote. Kufeli ni deni.

Na deni lazima liwe na mwenyewe. Kwa gemu kuna watu watatu wanaoweza kudaiwa. Wa kwanza ni mchezaji, yaani wewe na vidole vyako. Wa pili ni stering, yaani yule mhusika, na akili yake na maamuzi yake ndani ya stori. Wa tatu ni mwandishi, yule aliyepanga nini kitatokea. Mabishano mengi yanatokea juu tunachukua deni la mmoja tunampelekea mwingine. Kichapo cha lazima kinamwondoa mchezaji kwenye hesabu moja kwa moja, juu hakuwa na la kufanya. Lakini hakimwondoi stering. Huyo lazima tumchunguze kivyake.

Siku CJ alipita misheni na akapoteza kila kitu

Tuanze na jamaa anayejulikana na kila mtu. Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka Oktoba 2004 kwa PlayStation 2, na stori yake ni ya mwaka 1992. Carl Johnson, maarufu CJ, anarudi Los Santos baada ya miaka mitano Liberty City, juu mathe yake ameuawa. Anapata Grove Street imechoka, genge halina nguvu tena, na brathe yake Sweet bado ana uchungu kwamba CJ alihepa. Wewe unapiga kazi. Unachora kuta, unafukuza Ballas, unateka mitaa moja baada ya nyingine. Mambo yanaanza kuiva.

Halafu inakuja misheni ya The Green Sabre. Cesar anamwonyesha CJ kitu ambacho hakutaka kuona: Big Smoke na Ryder, mabeste wa tangu utotoni, wakiwa na makarao wa Tenpenny, na hapo hapo liko lile gari la kijani lililotumika siku mathe aliuawa. Wakati huo huo Sweet amewekewa mtego na Ballas. CJ anakimbia kumwokoa.

Kwa hiyo misheni kuna njia mbili za kupoteza, na gemu yenyewe inazitofautisha. Ukicheza vibaya na Sweet auawe na Ballas, gemu inakuandikia umefeli misheni, unarudi kuanza upya. Lakini ukiwamaliza Ballas wote, ukafanya kila kitu ulichoambiwa, makarao wanatokea tu. Sweet anashikwa akiwa na majeraha. CJ anafunikwa kichwa na kupelekwa mashambani na Tenpenny, ambaye anamwambia sasa atakuwa anatumwa. Ile mitaa ulikuwa umeteka kwa jasho inachukuliwa na maadui. Na hii ya pili, gemu inahesabu kwamba misheni umepita.

Soma hiyo tena polepole. Brathe hayuko, mtaa hauko, mabeste wamekuuza, na gemu inasema umepita. Waandishi wa Rockstar walikuwa wanajua tofauti ya kufeli na kushindwa kabla sisi hatujaanza kubishana. Kazi ya CJ siku hiyo ilikuwa Sweet asiuawe. Sweet hakuuawa. Hayo mengine yote yalikuwa yamepangwa na watu wengine: Smoke, Ryder na Tenpenny ndani ya stori, na waandishi nje ya stori.

Kuna msee atasema, lakini CJ angejua mapema kwamba Smoke ni nyoka. Sawa, lakini Sweet alibaki mtaani miaka hiyo yote mitano akiishi na Smoke na Ryder, na hakuona kitu. Huwezi kumdai aliyekuwa mbali kitu ambacho aliyekuwa karibu hakukiona.

Aina nne za vichapo vya lazima

Vichapo hivi havifanani. Ukivichanganya, utahukumu vibaya. Ukiangalia gemu nyingi kubwa utapata aina nne.

Ya kwanza ni kichapo cha kipimo. Hiki huja mapema kukuonyesha bado wewe ni mdogo. Mega Man X, iliyotoka Japani mwaka 1993 kwa Super Famicom, inakupeleka kwa adui anayeitwa Vile kwenye hatua ya kwanza kabisa. Risasi zako hazimfanyi kitu. Anakushika, unajua umeisha, halafu Zero anatokea kukuokoa. Ujumbe ni rahisi: hujafika, lakini utafika. Hakuna mtu amewahi kumwita X failia kwa sababu ya hiyo. Ni kama siku ya kwanza ya mtoi shuleni akipatana na mabigi.

Ya pili ni kichapo cha kugeuza stori. The Green Sabre iko hapa. Wapenzi wa FIFA nao walionja hii kwa FIFA 17, iliyotoka Septemba 2016 na ile stori ya The Journey. Unacheza kama kijana Alex Hunter, umeingia klabu kubwa ya Ligi Kuu ya Uingereza. Unaweza kufunga mabao mechi baada ya mechi, lakini ikifika mahali fulani klabu inakupeleka kwa mkopo ligi ya chini. Wasee walilia sana. Kwani hizo goli zote zilikuwa za nini? Lakini stori ilitaka Hunter ashuke ndio apande tena.

Ya tatu ni kichapo cha mwisho. Hapa hakuna kurudi. Stering anakufa na gemu inaisha, ama inaendelea bila yeye. John Marston wa Red Dead Redemption, iliyotoka 2010, anamaliza hivi. Ni mwaka 1911, serikali imemtumia kuwinda mabeste wake wa zamani, na sasa wanajeshi wamezingira shamba lake. Anawatoa mke wake Abigail na kijana wao Jack kwa farasi, halafu anafungua mlango wa ghala. Gemu inakupa ule mwendo wa polepole wa kulenga risasi, unaangusha watu kadhaa, lakini huwezi kuwamaliza. Hata uwe na shabaha ya aina gani, John anaanguka.

Ya nne ni kichapo cha kukushtaki, na hiki ndicho kizito kuliko vyote. Hapa mwandishi hakulazimishi tu upoteze, anakulazimisha ufanye kitu kibaya kwa mkono wako mwenyewe, halafu anakuonyesha matokeo. Tutafika kwa Spec Ops: The Line hivi karibuni.

Maswali matatu ya kumhukumu stering

Ukishajua aina ya kichapo, uliza maswali haya kwa mpangilio.

Swali la kwanza: ndani ya stori, alikuwa na njia nyingine? Angalia kwamba tunauliza kuhusu stering, hatuulizi kuhusu wewe na padi. Wewe unaweza kukosa njia juu mwandishi ameifunga, lakini yule mhusika alikuwa nayo. Na wakati mwingine wote wawili hamna.

Swali la pili: kazi yake ilikuwa gani haswa? Wasee wengi humpima stering kwa kitu ambacho hakuna mtu alimtuma. Ukitumwa mkate na maziwa yakapanda bei, hujafeli.

Swali la tatu: baada ya kichapo, alifanya nini na kile alichobaki nacho? Hili linafaa sana pale ambapo maswali mawili ya kwanza yanakuacha katikati.

Tuyajaribu kwa watu watatu.

Noble Six: sayari iliisha, kazi ilifanyika

Halo: Reach ilitoka Septemba 2010 kutoka kwa kampuni ya Bungie. Kabla hujaigusa ulikuwa unajua mwisho, juu Halo ya kwanza kabisa ya 2001 inaanza baada ya sayari ya Reach kuanguka. Kwa hivyo hii ni gemu nzima ya kichapo cha lazima. Wewe ni Noble Six, askari mpya kwa kikosi cha watu sita, na mabeste wako wanaanza kudedi mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza kuondoka ni Jorge. Anabaki na bomu ndani ya meli kubwa ya adui ndio ilipuke. Inalipuka kweli. Dakika chache baadaye meli nyingine kibao za adui zinatokea angani. Unabaki umeshangaa: kwani Jorge amekufa bure?

Lakini uliza swali la pili. Kufikia mwisho, kazi ya Noble Six haikuwa kuokoa Reach. Alitumwa kufikisha mzigo kwa Kapteni Keyes kwenye meli ya Pillar of Autumn, na ndani ya mzigo huo kulikuwa na Cortana. Mzigo ulifika. Halafu Six akabaki chini, akapanda kwenye mzinga mkubwa na kuangusha meli ya adui iliyokuwa inataka kuizuia Autumn isipae. Autumn ikaondoka, ikiwa na Master Chief ndani. Bila hiyo safari, hakuna Halo ya kwanza.

Baada ya hapo inakuja misheni ya mwisho, Lone Wolf, na lengo lake ni moja tu: uishi. Maadui hawaishi. Kioo cha kofia yako kinaanza kupasuka. Unaweza kusimama dakika mbili ama nusu saa, mwisho ni ule ule.  Gemu ilikuachia padi mkononi hadi ukalemewa kabisa, halafu kipande cha sinema kikaonyesha kifo chenyewe, na ndio maana wasee wanaikumbuka hadi leo.

Hukumu: Reach ilishindwa. Noble Six hakufeli.

Arthur Morgan: huyu alifeli, halafu akalipa

Red Dead Redemption 2 ilitoka Oktoba 2018, lakini stori yake iko nyuma ya ile ya kwanza, mwaka 1899. Arthur Morgan ni mkono wa kulia wa Dutch van der Linde. Mapema kwenye gemu anatumwa kudai deni kwa mkulima mgonjwa anayeitwa Thomas Downes. Arthur anamchapa. Downes anamkoholea damu usoni. Baadaye sana, Arthur anaanguka barabarani Saint Denis, daktari anamwambia ana kifua kikuu, na hapo unaunganisha mambo.

Wewe mchezaji hukuwa na njia. Hiyo misheni huwezi kuiruka, na huwezi kwenda kwa Downes na kumwambia mzee, pumzika, tutaongea siku nyingine. Kwa hivyo kama ni padi, uko safi.

Lakini Arthur je? Alikuwa na njia. Alikuwa mtu mzima, alimwona mzee amekonda, aliona mke na kijana wamesimama pale, na bado akapiga. Si mwandishi alimfanya Arthur kuwa mtu wa kuchapa wagonjwa kwa sababu ya pesa za mkopo. Ndani ya stori, hiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku na alikuwa ameizoea. Kifo chake si ajali. Ni risiti.

Ndio maana Arthur ni mfano mzuri wa kuonyesha kwamba kusema "ilikuwa imeandikwa" hakutoshi kumwosha mtu. Kichapo kinaweza kuwa cha lazima kwako na bado kiwe deni la kweli kwa stering.

Sasa leta swali la tatu. Akishajua anakufa, Arthur anapata miezi michache tu. Hapa gemu inakurudishia uamuzi. Unaweza kumsaidia mjane wa Downes na kijana wake, ama uwapite. Unaweza kumpigania John Marston hadi mwisho, ama urudi kutafuta pesa. Arthur atakufa kwa vyovyote, lakini atakufa vipi kunategemea heshima uliyojenga. Akiwa mtu mzuri na amemsaidia John, anafia mlimani akiangalia jua likichomoza. Akiwa mbaya, Micah ndiye anammaliza.

Na John anafika nyumbani kwa familia yake. Unganisha na ile gemu ya kwanza: kutoka 1899 hadi 1911 ni miaka 12. Hiyo miaka 12 ambayo Jack alikua akiwa na baba, Arthur alichangia kuinunua. Hukumu: alifeli kwa Downes, na hakufeli kwa John. Mtu mmoja anaweza kuwa na daftari mbili.

Kapteni Walker: huyu hana wa kumtetea

Spec Ops: The Line, iliyotoka Juni 2012 kutoka studio ya Yager ya Ujerumani, iko Dubai iliyofunikwa na mchanga. Kapteni Walker na askari wake wawili wametumwa kitu rahisi: waangalie kama kuna waliopona, watoke, wapige ripoti. Walker anaamua kuendelea mbele. Anazidi kuendelea. Mwishowe anafika mahali amezungukwa na anaona silaha ya fosforasi nyeupe.

Ukijaribu kupigana kawaida, hutoboi. Gemu haikuachi upite bila kuitumia. Unaitumia, unaona alama nyeupe kwenye skrini zikizimika, halafu unapitishwa kwa miguu katikati ya kile ulichofanya. Kundi kubwa pale mwisho halikuwa la askari. Walikuwa raia, akina mama na watoto.

Wachezaji wengi walikasirika na kusema gemu inawalaumu kwa kitu ilichowalazimisha. Hapo wako sawa. Kwa upande wa padi, hukuwa na njia isipokuwa kuzima mashine. Lakini Walker alikuwa nayo. Angerudi siku ya kwanza. Angerudi siku ya pili. Kazi yake ilikuwa kuangalia na kuripoti, na aliacha kazi hiyo mapema kabisa ndio aonekane shujaa. Na swali la tatu ndilo linammaliza: baada ya kuona maiti, anatafuta mtu mwingine wa kulaumu na anaendelea mbele.

Hukumu: Walker amefeli maswali yote matatu.

Ukimweka Walker kando ya Noble Six unaona kitu. Wote wawili wako kwenye reli ambayo mwandishi ameijenga. Wote wawili wanafika mahali pabaya. Mmoja ni shujaa na mwingine si shujaa. Kwa hivyo skripti si ndiyo inaamua. Ingekuwa skripti ndiyo inaamua, hao wawili wangekuwa sawa.

Wakati mwandishi ndiye amefeli

Kuna kesi ambapo deni si la mchezaji wala stering. Mass Effect 3 ilitoka Machi 2012, na kuna misheni kwenye sayari ya Thessia ambayo bado inachemsha watu. Kamanda Shepard anapambana na Kai Leng kugombania habari za kuokoa dunia. Unamchapa Kai Leng vizuri. Kila ukikaribia kummaliza, anasimama kujaza ngao yake huku ndege yake ikikumwagia risasi. Halafu inakuja sinema: Shepard anaonekana ameshindwa, Kai Leng anaondoka na mzigo, na Thessia inaanguka. Baadaye anakutumia barua pepe ya kukucheka.

Mchezaji anajua alikuwa anashinda. Stering hakufanya kosa lolote unaloweza kulitaja. Lakini stori inaendelea kana kwamba Shepard amelala kazini. Hapo mwandishi alitaka kichapo lakini hakukilipia.

Linganisha na Sekiro: Shadows Die Twice ya FromSoftware, iliyotoka Machi 2019. Wolf, shinobi anayemlinda kijana Kuro, anakutana na Genichiro Ashina mwanzoni kabisa. Ukichapwa, Genichiro anakukata mkono wa kushoto. Ukishinda, na kuna wasee wameweza, ninja aliyejificha anakurushia kitu, Wolf anageuka kidogo, na mkono unakatwa vile vile. Gemu imekubali kwamba ulishinda, na imekuonyesha wazi adui alitumia ujanja. Hasira yako inaenda kwa Genichiro, haiendi kwa waliotengeneza gemu. Halafu mkono wa bandia unaopewa baada ya hapo unakuwa silaha yako kuu, na ukikutana na Genichiro tena juu ya kasri la Ashina, hakuna skripti ya kumwokoa. Safari hii matokeo ni yako.

Hiyo ndiyo tofauti ya kichapo kizuri na kichapo cha ovyo. Kizuri kinaheshimu kile mikono yako ilifanya. Cha ovyo kinajifanya hakikuona.

"Lakini matokeo ni matokeo"

Tusiwapuuze wale wa upande mwingine. Hoja yao ni kwamba jedwali la ligi haliandiki ulijaribu aje, linaandika pointi. Reach iliungua. Sweet alilala jela. Mke na kijana wa Downes walibaki bila baba wa nyumba. Kwa waliopotea, nia nzuri ya stering haiwarudishi.

Hiyo ni kweli, na ndio maana hatusemi kichapo cha lazima si kitu. Hasara ni hasara. Lakini jedwali linajibu swali moja tu: nani alishinda? Halijibu swali la nani wa kulaumiwa. Ukitumia jibu la kwanza kwa swali la pili utawaonea watu, na hii tunaifanya nje ya gemu kila siku. Kiwanda kinafungwa, watu mia wanapoteza kazi, na mtaani wanaitwa waliofeli maisha. Mvua inakosa misimu miwili, mkulima anauza ng'ombe, na jamaa zake wanasema hana akili ya pesa. Wakati huo huo kuna msee alikuwa na kila njia, akachagua kula pesa za chama, na anapojitetea anasema ni hali ya uchumi. Maswali ni yale yale: alikuwa na njia? Kazi yake ilikuwa gani? Alifanya nini na alichobaki nacho?

CJ anayajibu yote. Alitupwa mashambani bila brathe, bila mtaa, bila mabeste. Akajenga gereji San Fierro, akaingia kwenye biashara ya kasino Las Venturas na Woozie, akafanya kazi chafu za Toreno ndio Sweet atolewe jela. Sweet akatoka, na badala ya kusema asante akamwuliza kwa nini amesahau mtaa. Hapo CJ angeweza kusema mimi nimeshaomoka, nina kasino, wachana na mimi. Alirudi Grove Street. Big Smoke akaishia kwenye jumba lake la unga, na Tenpenny akaanguka na gari la zimamoto kutoka darajani hadi pale pale mtaani alipokuwa akitesa watu.

Siku nyingine mtu akikuambia CJ alifeli kwa The Green Sabre, mwambie aweke hiyo diski, acheze misheni hadi mwisho, halafu aangalie kama gemu itamrudisha kuanza upya.